Sukari ya Kidevu

"Hodi wenyewe! Hapa ndipo kwa Honorata?"

Jenoveva alishtuka, kucha zake zikabana ngozi badala ya unywele. Dada yake aliguna kwa maumivu. Walikuwa chumba cha ndani, Honorata amelaza kichwa kwenye mapaja ya mdogo wake, na kando yao kisahani cha majivu ya magunzi. Majivu yalizuia vidole visiteleze. Unywele mmoja, kisha mwingine, kila baada ya siku mbili, asubuhi, mlango ukiwa umefungwa. Siku hiyo kazi ilikuwa imefika katikati ya shavu la kushoto.

"Usiitike," Jenoveva alinong'ona.

Lakini Honorata alikwisha kuinuka. Sauti ile aliijua. Macho yake yaling'aa kwa namna ambayo Jenoveva hakuwa ameiona tangu dada yake arudi nyumbani, na kabla hata hajajua aliyeko nje ni nani, Jenoveva alikuwa amekwisha kumchukia.

"Somo wangu!" Honorata aliita, akatoka na majivu shavuni.

Mlangoni alisimama mwanamke mnene wa miaka hamsini hivi, kapu kichwani, vumbi la basi miguuni. Jina lake Mwamvita. Alikuwa mpishi wa kambi kwenye shamba la mkonge huko Muheza, na ndiye aliyemfunda Honorata mambo ya kike, kama masomo wa pwani wanavyowafunda mabinti. Alikuwa njiani kwenda Moshi kwa mwanawe, akaona ashuke Lembeni amwone mtoto wake aliyemlea jikoni kwake. Alitua kapu, akamshika Honorata mashavu kwa mikono miwili, akaugeuza uso wake kwenye mwanga.

"Mpaka leo mnanyonyoa kwa majivu? Maskini mwanangu! Na huyu anayekunyonyoa ndiye nani, adui yako? Tazama alivyokuchubua."

"Ni mdogo wangu, Jenoveva."

"Shikamoo," Jenoveva alisema bila kumtazama.

"Marahaba, mwanangu. Mikono yako mizito."

Mama yao aliporudi kutoka shambani alimkuta mgeni ameketi kwenye kigoda chake, anacheka na Honorata kama watu waliolelewa pamoja. Walisalimiana vizuri. Mwamvita akasema kwa furaha, "Mimi ndiye somo wa binti yako."

"Somo wa nini?" mama aliuliza, akifungua kanga iliyofunga kuni. "Mimi mama yake nipo hai."

Alisema huku anatabasamu, lakini kuni aliziangusha zote kwa mara moja.

Huko juu mlimani Ngujini, walikotoka, watu walimjua mama huyu kama Mama Sebastiani. Walijua mwanawe wa kwanza alikwenda kukata mkonge na hakurudi. Alichorudisha mkonge, baada ya miaka minne, ni Honorata, mtoto yule yule kwa jina jipya, ambaye alishuka kwenye basi akiwa amevaa gauni na amefunga kilemba. Mama alikaa kimya siku tatu. Siku ya nne ilitangazwa kwamba wanaotaka kushuka kwenye kijiji kipya cha ujamaa karibu na Lembeni wajiandikishe, na mama akajiandikisha wa kwanza, yeye na binti zake wawili. Watu wa Ngujini walibaki na migomba yao. Katika kijiji kipya hakuna aliyewahi kusikia habari za Sebastiani, na mama akaanza kuitwa Mama Jenoveva. Alipokwenda kwenye mazishi au harusi huko juu, alikwenda peke yake.

Jenoveva alilipenda jina lile jipya la mama yake. Katika maisha yake yote, hicho ndicho kitu cha kwanza alichokipata kabla ya mkubwa wake.

*

Jambo lililowasumbua lilikuwa semina. Kijiji kilimchagua Honorata kuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima, kwa sababu alisoma vizuri na hakuwa na haraka na wazee. Ijumaa lori lingewachukua walimu wapya kwenda Same kwa majuma mawili. Wanawake wangelala bweni moja na kuoga pamoja. Huko kusingekuwa na mlango wa kufunga wala mapaja ya mdogo mtu. Wembe ungemfaa siku moja tu. Siku ya pili ngozi ingekwaruza.

"Basi nisiende," Honorata alikuwa akisema kila jioni, huku amezishika zile kalamu mbili za risasi alizopewa na kijiji.

Mwamvita aliposikia alipiga makofi. "Kwa hilo tu? Kuna sukari humu ndani?"

Kulikuwa na nusu kilo. Duka la kijiji liliuza Alhamisi tu, nusu kilo kwa kila nyumba, na mwaka ule wa ukame watu walipanga foleni tangu alfajiri. Mama alikuwa ameificha ndani ya mtungi mkavu.

"Unaichemsha na ndimu mpaka inakuwa shira nzito," Mwamvita alieleza. "Unaibandika, unaivuta, nywele zinatoka na mizizi yake. Majuma matatu ngozi inakuwa kama ya mtoto. Jumatatu tutafanya miguu na mikono. Kidevu tukiache kwanza, nywele zirefuke kidogo ndipo shira ipate kushika. Asinigusie mtu kidevu hicho na majivu yake."

Wote walimtazama Jenoveva. Yeye alikitazama kisahani.

Kwa mwaka mzima na zaidi alikuwa amelalamikia kazi ile. Ilimuumiza mgongo, ilimchelewesha bombani, tena Method, karani wa ghala la pamba aliyekuwa akimchumbia, alikwisha kumuuliza mara mbili kwa nini asubuhi hapatikani. Na Jenoveva mwenyewe alimwonea Method shaka. Alipokuja kuwatembelea macho yake yalimtafuta kwanza Honorata, aliyejua kufunga kanga ikakaa na kucheka bila kuonyesha ufizi. Lakini asubuhi zile zilikuwa zake. Wakati kichwa kile kimelala mapajani mwake, Honorata hakuwa mwalimu wa mtu wala kipenzi cha mama. Alikuwa wa Jenoveva.

Usiku wa Jumamosi na Jumapili nzima ikawa somo hivi, somo vile. Chakulani Jenoveva alianza kusema Kigweno, lugha ya kwao, makusudi, ili mgeni abaki nje ya mazungumzo. Honorata akamjibu kwa Kiswahili.

"Somo, anasema makande yamepoa. Nikupashie?"

Jenoveva aliacha kula.

*

Jumatatu asubuhi sukari ilichemka. Harufu yake ilijaa nyumba, ikatoka nje, ikaenda nyumba za pili na tatu, maana kijiji kilipangwa kwa mistari na kutoka mlango hadi mlango zilikuwa hatua ishirini tu. Jenoveva alikoroga sufuria alivyoagizwa. Kisha Mwamvita alilipoza donge, akaliviringa mkononi, akaingia nalo chumba cha ndani na kushusha pazia.

"Na mimi?" aliuliza Jenoveva.

"Wewe subiri hapo, mwanangu. Chumba kidogo."

Alisikia sauti ya kuvuta, na Honorata akipiga kelele. Halafu akawasikia wote wawili wakicheka, wakacheka mpaka wakakosa pumzi. Pamoja na yeye Honorata hakuwahi kucheka namna hiyo. Pamoja na yeye alifumba macho na kuvumilia.

Jenoveva alichukua ndoo, akatoka.

Njiani alimkuta Mzee Melkizedeki, balozi wa nyumba kumi, akikagua mtaro wa maji. Alikuwa mtu wa haki na wa kelele, na daftari lake halikumtoka kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Naona kwenu mnakula sikukuu. Harufu imenifikia huku."

Angeweza kucheka na kupita. Badala yake alisema, "Tuna mgeni, mzee. Mama mmoja wa Muheza. Hana barua ya utambulisho. Na sukari yetu yote ameipika."

Alidhani mzee ataandika jina. Alidhani Mwamvita ataitwa ofisini, ataambiwa apande basi, na Jumatano asubuhi kisahani cha majivu kitarudi mahali pake.

"Ameipika yote?" Mzee Melkizedeki alifunga daftari. "Twende."

"Sasa hivi?"

"Kwani sukari itaningoja?"

*

Aliingia bila kungoja kukaribishwa. Jenoveva alimfuata nyuma, ndoo tupu mkononi. Mama alikuwa akiosha sufuria. Alisimama, maji yakimchuruzika viwikoni.

"Mama Jenoveva, nimesikia hapa mnatengeneza pombe ya sukari."

"Pombe? Mzee, dengelua mimi nimeiacha Ngujini na miwa yake. Nusa mwenyewe."

Mwamvita alitoka chumba cha ndani kuona kuna nini. Alikuwa na donge mkononi. Alipotambua kosa lake alilificha nyuma ya mgongo, na hilo ndilo lililoharibu.

"Lete nilione hilo."

Akalipokea, akalipeleka mlangoni penye mwanga. Lilikuwa na rangi ya asali, na ndani yake zimelala nywele nyeusi, nyingi. Mzee alilishika mbali na mwili wake.

"Nywele za mtu," alisema taratibu. "Mama, huko mlikotoka mnapika nywele za watu? Sukari ya wananchi inafanyiwa uganga?"

"Si uganga, baba," alisema Mwamvita.

"Ni za nani? Nani yuko mle ndani?"

"Ni Honorata," mama alisema. "Jino linamuuma. Amelala."

"Mwalimu wetu? Anakwenda semina Ijumaa halafu mnamchezea dawa za pwani? Atoke nimwone."

Jenoveva alilitazama pazia. Chini ya upindo wake aliona vidole vya miguu ya dada yake, vimejikunja, vimeshika udongo. Mguu mmoja ulikuwa laini na mwekundu kwa kuvutwa. Mwingine ulikuwa bado. Mzee Melkizedeki alipiga hatua, akanyoosha mkono kwenye pazia.

"Ni zangu, mzee."

Mkono ulisimama hewani. "Zako nini?"

"Nywele. Nina ndevu."

"Wewe?"

"Mimi. Zinaota hapa na hapa. Ndiyo sababu asubuhi sionekani bombani. Ndiyo sababu mama alimwita huyu bibi."

Mzee aliukodolea uso wake. Jenoveva aliona wazi kwamba haamini. Alilinyakua lile donge mkononi mwake, akalibandika juu ya mdomo wake, akalivuta vibaya, kwa kwenda juu. Machozi yalimtoka hapo hapo. Ngozi ikavimba, nukta ya damu ikachomoza.

"Umeona? Au nikuonyeshe na kwapa?"

"La, la, la!" Mzee Melkizedeki alirudi nyuma hadi nje. "Funikeni mambo yenu. Mimi nimekuja kwa habari ya pombe." Akiwa salama uani, heshima yake ikamrudia. "Huyu mgeni hana barua. Kesho basi la asubuhi limkute barabarani. Na wewe binti, tafuta dawa isiyotumia sukari. Watu wanakunywa chai bila sukari kwa ajili ya ndevu!"

Alicheka peke yake njia nzima. Jua lilipotua, mistari yote ya nyumba ilikuwa inacheka pamoja naye.

*

Mwamvita aliondoka Jumanne. Alikuwa amemaliza miguu na mikono, lakini kidevu kilibaki. Kabla ya kupanda basi alimfunza Jenoveva: ndimu kiasi gani, rangi gani, na namna ya kudondosha tone kwenye maji kuona kama linashika. Jenoveva alisikiliza bila kuinua macho. Mwishoni mwanamke yule akamshika kiganja, akakigeuza kama anayesoma.

"Nilikosea," alisema. "Si mizito. Ni mipesi, ila ina hasira."

Adhuhuri ile Honorata alikaa nyuma ya nyumba, uso umefungwa kwa kanga kama mgonjwa wa meno. Jenoveva alimletea uji usio na sukari, akakaa chini kando yake.

"Nani alimwambia balozi?" Honorata aliuliza.

Jenoveva alivunja kijiti, akavunja kingine.

"Mimi."

"Nilijua."

"Sikutaka akuone wewe. Nilitaka yeye aondoke."

"Kwa nini? Alikukosea nini?"

"Ulimwambia yeye kwanza!" Sauti ilimtoka kwa nguvu, akaishusha. "Miaka minne alijua jina lako, mimi najua la zamani tu. Mimi ni damu yako. Mtu wa jikoni, mtu wa njiani, ndiye uliyemwambia kwanza."

Honorata alifungua kanga usoni. Ndevu changa zilikuwa zimeanza kuonekana, na kwa kawaida asingekubali yeyote azione kwenye jua.

"Yeye angenifukuza, ningehamia kambi nyingine. Makambi ni mengi. Wewe ungenifukuza, ningehamia wapi?"

Jenoveva alivikusanya vipande vya vijiti, akavipanga chini.

"Na kama ni wivu," Honorata aliendelea, "basi ujue nami ninao. Ninakuonea wivu kila siku ya Mungu. Unaamka, unanawa uso, basi. Umemaliza. Unatoka nje. Wakati mwingine ninalala mapajani mwako nakuchukia, na wewe unaninyonyoa, hujui."

"Nilifikiri unaumia."

"Naumia pia."

Walicheka kidogo, kwa kuogopana. Kisha Jenoveva akasema, "Kidevu nitakifanya mimi. Ijumaa, saa nne kamili. Lori linakuja saa sita, kwa hiyo wekundu utapata muda wa kutulia."

"Na sukari?"

"Nitapanga foleni."

"Watakucheka."

"Waache wacheke. Saa nne. Nakuahidi."

Alhamisi alfajiri alisimama kwenye foleni peke yake, maana waliomtangulia walisogea mbele kidogo na waliomfuata walibaki nyuma kidogo. Mtu mmoja akauliza kwa sauti, "Babu, na wewe unanunua?" Foleni nzima ikapasuka. Muuza duka, aliyekuwa akimwongezea siku zote, alipima nusu kilo, akatoa punje mbili tatu, akapima tena.

*

Ijumaa saa tatu na nusu sufuria ilikuwa mekoni. Method alikuja na baiskeli yake, akaisimamisha uani lakini hakushuka vizuri. Mguu mmoja ulibaki kwenye pedali.

"Jenoveva, twende."

"Wapi?"

"Shangazi yuko kwangu. Amekuja kutoka Usangi tangu jana kwa ajili ya posa, na amesikia maneno yote ya balozi. Usiku mzima ananiuliza, unaoa mke au unaoa mume." Alikuwa na haya, na haya ilimfanya aseme haraka. "Mimi sijali. Nilimwambia ni uongo, aje akuone mwenyewe. Amekataa kuja. Anasema wewe ndiye wa kwenda. Basi lake linapita saa nne. Panda nyuma, akutazame uso, tumalize."

Jenoveva alitazama sufuria. Shira ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Akiiacha sasa ingeungua, na hapakuwa na punje nyingine ndani ya nyumba, wala Alhamisi nyingine kabla ya lori.

"Mwambie angoje basi la jioni."

"Shangazi wangu hamngoji mtu. Unamjua?"

"Simjui. Leo ndiyo ningemjua."

"Basi njoo! Una nini cha kufanya kinachozidi hiki?"

Angeweza kumwambia. Method hakuwa mtu mbaya, huenda angenyamaza. Lakini siri haikuwa yake ya kumpa mtu, hata huyu. Alikaza macho kwenye sufuria akaendelea kukoroga.

"Nina sukari motoni."

Method aliuangalia mdomo wake wa juu, mahali palipovimba tangu Jumatatu, pameacha kovu dogo jekundu. Kitu kilibadilika usoni mwake. Mpaka dakika ile alikuwa amekataa kuamini.

"Kwa hiyo ni kweli," alisema.

Jenoveva aliukwangua mwiko kwenye ukingo wa sufuria.

"Ungeniambia mapema, Jenoveva," alisema Method kwa upole, na upole huo ulimuumiza kuliko foleni nzima ya jana. Aligeuza baiskeli, akapanda, akaenda zake akiukwepa mtaro.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Alimjia mwanawe, akauchukua mwiko mkononi mwake.

"Mkimbilie. Mimi nitamfanyia dada yako."

"Hujui rangi yake, mama. Utaiunguza."

"Nifundishe."

"Hakuna muda." Jenoveva aliurudisha mwiko mkononi, akadondosha tone kwenye bakuli la maji. Likashika. "Wewe keti nje. Akija mtu, mwambie ni zamu yangu ya ndevu."

Mama aliketi nje.

Ndani, Honorata alikuwa amekwisha kulala mkekani. Mfuko wa safari ulikuwa tayari pembeni, gauni limekunjwa juu yake. Hakuwa amesikia maneno ya uani, ila sauti tu. Jenoveva aliketi, akakinyanyua kichwa cha dada yake, akakiweka mapajani. Akaliviringa donge mpaka likawa na joto la mkono.

"Nani alikuja?"

"Method. Alikuwa anapita."

"Mlikuwa mnaongea nini muda wote huo? Usije ukachelewa mambo yako kwa ajili yangu. Saa ngapi sasa?"

Barabarani honi ya basi la Usangi ililia mara mbili, kisha ikasikika tena, mbali zaidi.

"Bado mapema," alisema Jenoveva. "Geuza shavu. Tunaanzia huku."